Kipandauso Mtito Andei: Kadi Inalipia Nini, Mfuko Unalipia Nini

Mtu mwenye kipandauso anayeishi Mtito Andei ana njia nne za kupata dawa. Anaweza kutumia usajili wake wa SHA kwenye zahanati au kituo cha afya. Anaweza kutumia bima ya kampuni binafsi, ikiwa mwajiri wake anayo au amejilipia mwenyewe. Anaweza kuingia duka la dawa na pesa zake mkononi. Na anaweza kuvuka barabara hadi kioski na kuomba tembe mbili za maumivu, zile zinazopangwa kando ya viberiti na majani ya chai. Wengi huanza na hiyo ya mwisho kwa sababu ndiyo rahisi, na wengi hawaondoki hapo kwa miaka. Nazilinganisha hapa njia zote nne kwa shilingi na kwa siku za kazi zinazopotea, maana mwenye kipandauso akihesabu bei ya dawa peke yake, sehemu kubwa ya gharama huwa hajaiona.

Kipandauso si kuumwa kichwa kwa kawaida. Kichwa kinapwita, mara nyingi upande mmoja, mwanga unachoma macho, harufu ya dizeli au ya mafuta ya kukaangia inaleta kichefuchefu, na mtu hana budi kulala gizani mpaka kipite. Shambulio lisipotibiwa hudumu kuanzia saa 4 hadi siku 3. Duniani karibu mtu mmoja kati ya saba anaugua hivi, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Mji huu una karibu kila kinachouchokoza ugonjwa huo: joto la nyika ya Tsavo, maji ya kunywa yanayosahaulika, malori yanayonguruma usiku kucha kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, usingizi wa vipandevipande, na mlo unaorukwa kwa sababu mabasi yameingia na abiria wana dakika chache tu za kula. Anayewahudumia abiria hao hula wakishaondoka, na pengine hali kabisa.

Tena hapa kila kichwa kinachouma hudhaniwa ni malaria. Kwa mgeni wa ugonjwa huu dhana hiyo ni ya busara, kwani malaria ipo na inaua. Lakini mtu ambaye kichwa chake kimeuma kwa namna ileile mara kadhaa kwa mwezi, bila homa, na kila mara amenunua dozi ya malaria bila kupimwa, amekuwa akilipia ugonjwa asionao. Pima kwanza. Kipimo cha haraka cha kidole kinapatikana hata zahanati, na kikionyesha huna malaria, jibu hilo ni la thamani: sasa mhudumu anaweza kuulizwa kuhusu kipandauso.

Kabla ya kufika kwenye kadi, kuna ukomo ambao mgonjwa anapaswa kuujua kuliko ukomo wowote wa bima. Ni idadi ya siku katika mwezi ambazo mwili unavumilia dawa za maumivu. Wataalamu wa magonjwa ya kichwa wameuweka hivi: parasetamoli, aspirini au ibuprofeni ikiwa peke yake, isifike siku 15 kwa mwezi; nazo tembe za mchanganyiko, dawa za jamii ya triptani na dawa za jamii ya afyuni kama kodeini, zisifike siku 10. Ukivuka hapo kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Mgonjwa huamka na kichwa, hunywa tembe, hupata nafuu, na kesho yake huamka nacho tena. Hapo ndipo tembe za kioski zinapogeuka kuwa ghali. Nyingi kati ya zile zinazonunuliwa sana ni za mchanganyiko, aspirini na parasetamoli na kafeini katika tembe moja, kwa hiyo ukomo wake ni siku 10 na wala si 15. Anayezimeza siku tatu kwa wiki tayari ameshavuka.

Ukomo huu ndio pia unaoeleza kanuni moja ya bima za ng'ambo ambayo wagonjwa huko huilalamikia sana. Nchini Marekani kampuni nyingi za bima hulipia tembe 9 za sumatriptani, dawa ya jamii ya triptani, kwa mwezi, na mgonjwa akihitaji zaidi daktari wake lazima aombe kibali. Kanuni hiyo inaokoa pesa za kampuni, hilo halina shaka, lakini idadi yenyewe haiko mbali na ile ambayo daktari mzuri angekupa. Mgonjwa anayehitaji tembe 15 kwa mwezi anahitaji dawa ya kuzuia mashambulio kabla hayajaanza, na bima inayomkatalia tembe ya kumi bila kumpa hiyo ya kuzuia imemtendea nusu ya haki.

Sasa tuje kwenye kadi ya serikali. SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024 chini ya sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023. Watu wengi huizungumzia kana kwamba ni mfuko mmoja, na hapo ndipo wanapokosea hesabu. Mifuko ni mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaogharamiwa na serikali, na hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Wa pili ndio ule unaoulipia mchango, na kazi yake kubwa ni hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, unaoanza pale wa pili unapoishia.

Kwa mwenye kipandauso tofauti hii ina uzito mkubwa. Huduma anazohitaji mara kwa mara, yaani kuonwa, kupimwa malaria, kupimwa presha na kupewa tembe za mwezi, ziko kwenye mfuko wa kwanza, na mfuko huo haudai mchango wowote. Unachotakiwa ni kuwa umejisajili, kwa *147# au kwenye kituo chenyewe. Nimesikia watu wakisema hawaendi zahanati kwa sababu hawajalipa SHA ya mwaka. Wanajinyima haki ambayo tayari ni yao.

Mchango wenyewe ni asilimia 2.75 ya mapato yote kabla ya makato, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiriwa wa mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 825. Enzi za NHIF angekatwa 900. Wa shilingi 100,000 hukatwa 2,750, ambapo zamani alikuwa akikatwa 1,700. Asiye na ajira rasmi hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba yake, maji, mifugo na kadhalika, kisha hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni shilingi 3,600. Muuza mboga hapati 3,600 siku moja, na kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa katika mpango wote. Chini ya NHIF mtu huyo alilipa 500 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 6,000, pesa nyingi zaidi, lakini aliweza kuzitafuta mwezi baada ya mwezi. Serikali baadaye ilileta mkopo wa Lipa SHA Pole Pole ili kuziba pengo hilo.

Je, mchango huo unamletea nini mwenye kipandauso? Siku za kawaida, kidogo sana. Ukienda hospitali ya ngazi ya 4 kwa kichwa kilekile na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, jiandae kulipa mfukoni kumwona daktari na kununua dawa, kwa kuwa huduma za kawaida za wagonjwa wa nje zimewekwa ngazi za chini. Mchango unaanza kufanya kazi ukilazwa. Kwa kulazwa, SHA hulipa hospitali kiwango cha kila siku: shilingi 2,240 ngazi ya 3, 3,360 ngazi ya 4, 3,920 ngazi ya 5 na 4,480 ngazi ya 6. Mgonjwa ambaye ametapika siku mbili na hawezi kushikilia hata maji huenda akahitaji kulazwa na kuwekewa dripu, na usiku huo mmoja bila kadi unaweza kuzidi mchango wa mwaka. Kwa hiyo lipa mchango ukiweza, lakini ulipie kwa sababu ya ajali za barabara hii, uzazi na upasuaji. Usitarajie ukununulie tembe za kipandauso.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda matatu, uliza swali moja: kituo hiki kimesajiliwa ngazi gani? Vituo hupandishwa hadhi, bango hubadilishwa kutoka kituo cha afya kuwa hospitali, na wananchi hushangilia. Lakini kwa mgonjwa wa nje kupanda huko kunaweza kumaanisha kwamba kile alichopata bure mwaka jana sasa ana haja ya kukifuata kwenye zahanati ya kijiji kinachofuata.

Wazee wa Makueni, kaunti ya mji huu, watakumbuka kwamba haikuwa hivi. Mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilianzisha MakueniCare: familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka mzima, na hospitali za kaunti ziliwahudumia bila malipo mengine, wagonjwa wa nje na wa kulazwa pia. Wenye zaidi ya miaka 65 hawakulipa hata hizo 500. Kwa ugonjwa kama kipandauso, ambao hauui wala haulazi mara nyingi lakini unarudi kila mwezi, sijaona mpango mwingine Kenya uliomfaa mgonjwa maskini zaidi ya huo. Ng'ambo ya Mto Athi, Kitui nayo ilikuwa na mpango wake wa kaunti chini ya Charity Ngilu, mwanasiasa yuleyule ambaye akiwa Waziri wa Afya mwaka 2004 alifikisha bungeni mswada wa bima ya afya kwa Wakenya wote. Bunge liliupitisha, Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Ukanda huu umeifikiria bima ya afya kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi za nchi, na watu wake wanajua ladha ya mpango unaofanya kazi.

Tatizo la zahanati linajulikana: dawa hazipo. Unaonwa vizuri, unaandikiwa, kisha unaambiwa ukanunue nje. Risiti ya nje hakuna atakayekurudishia. Ila dawa za kipandauso zilizo muhimu zaidi ni zilezile zinazotibu magonjwa mengine, na hilo linampa mgonjwa nafasi. Propranololi, ya kuzuia mashambulio, ni dawa ya zamani ya moyo na presha. Amitriptilini ni dawa ya zamani ya msongo wa mawazo, na kwa kiasi kidogo usiku huzuia kipandauso. Aspirini, parasetamoli na ibuprofeni ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kutuliza kipandauso, na propranololi iko hapohapo kwa kuzuia. Sumatriptani iliongezwa kwenye orodha hiyo mwaka 2021. Kwa hiyo usiulize zahanati kama wana "dawa ya migreni". Uliza kama wana propranololi au amitriptilini, na kama afisa wa kliniki anaona inakufaa. Swali hilo mara nyingi lina jibu tofauti kabisa.

Bima binafsi ni habari nyingine. Hapa Mtito Andei wenye nayo ni wafanyakazi wa mashirika, wa benki, baadhi ya wahudumu wa hoteli za Tsavo, na wachache waliojilipia. Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba sera ya msingi ya mtu binafsi kwa kawaida hulipia kulazwa. Huduma ya mgonjwa wa nje ni nyongeza, inalipiwa kivyake, na ina ukomo wake wa mwaka. Ndani ya ukomo huo mara nyingi kuna ukomo mdogo zaidi wa magonjwa sugu. Kipandauso kikiandikwa kama ugonjwa sugu, dawa zako zote za mwaka zitakatwa kutoka kapu hilo dogo, hata kama kapu kubwa bado limejaa.

Kisha kuna kipindi cha kusubiri. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga kwa kawaida haulipiwi mwanzoni, na muda huo unaweza kufika mwaka mzima. Hapa watu hushawishika kuficha. Wakala mwenye haraka anaweza kukwambia usiandike kipandauso kwenye fomu, ni kichwa tu. Andika. Kampuni ikigundua baadaye kwamba ulinyamaza, ina sababu ya kukataa madai yako, na haitakataa ya tembe za kichwa peke yake.

Cha tatu ni orodha ya vituo. Kadi haifanyi kazi kila mahali. Huenda kituo cha karibu kinachoipokea kiko Kibwezi, Makindu au Voi, na ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi kwa ajili ya tembe 30, umelipa mara mbili. Mwenye bima ya mwajiri aombe duka la dawa liwekwe kwenye orodha, au aombe dawa za miezi mitatu kwa pamoja badala ya mmoja. Ombi hilo hupitia kwa ofisi ya wafanyakazi, na likiungwa mkono na barua ya daktari husikilizwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Mbele ya hapo kuna dawa mpya kabisa, sindano za mwezi kama erenumab, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2018 kwa bei ya dola 6,900 kwa mwaka. Ni ya kwanza ya aina yake kutengenezwa mahsusi kuzuia kipandauso. Hata Uingereza, ambako serikali inalipia matibabu, mgonjwa huipata tu akiwa na angalau siku 4 za kipandauso kwa mwezi na akiwa ameshajaribu dawa tatu za kuzuia zikashindwa. Naitaja kwa sababu jamaa walio ng'ambo huisimulia kwenye simu, na mgonjwa wa hapa akajiona ameachwa nyuma. Lakini dawa tatu ambazo Mwingereza lazima azijaribu kwanza ni za kundi lilelile la propranololi na amitriptilini. Mahali pa kuanzia ni pamoja.

Njia ya tatu ni pesa taslimu, na hapa kuna mambo mazuri ambayo hatuyapi uzito. Simama jioni kwenye kaunta ya duka la dawa kando ya barabara kuu. Mteja anasema, "Daktari, nisaidie na za kichwa, za hamsini." Mhudumu anachukua mkasi, anakata kipande cha ukanda wa tembe, anakitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi na kuandika 1x2. Yote yanaisha kwa nusu dakika. Kipande chenye jina la dawa na tarehe ya kuharibika kimebaki ndani ya boksi, na mteja akienda zahanati kesho hataweza kueleza alimeza nini. Mwambie mhudumu akuonyeshe ukanda wote kabla ya kukata, uupige picha kwa simu. Mhudumu mzuri, na wapo, naye atauliza, "Mama, wiki hii, hii ni mara ya ngapi?" Ukipata anayeuliza hivyo, rudi kwake daima.

Uzuri wa mkasi huo ni kwamba unaweza kununua sumatriptani tembe moja. Nchi nyingi hulazimisha boksi zima. Mtu asiyejua kama dawa itamfaa anaweza kuijaribu kwa bei ya tembe moja au mbili, na si kila mtu inamfaa. Omba ya jeneriki. Hataza za sumatriptani ziliisha zamani, na tembe yenye jina maarufu la Imigran ina kiungo kilekile. Imeze mapema maumivu yanapoanza. Ikituliza kisha maumivu yakarudi, waweza kurudia baada ya saa 2. Isipogusa kabisa, usiongeze nyingine kwa shambulio hilohilo. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa asiiguse.

Na kabla ya kuinunua, kuna jambo ambalo lingewaokolea wengi pesa. Tafiti zilizolinganisha dawa hizi zimeonyesha kwamba aspirini ya miligramu 900 hadi 1,000, ikimezwa mapema, hufanya kazi karibu sawa na sumatriptani ya miligramu 50. Tembe za miligramu 300 tatu, basi. Watu wengi humeza moja, wanasubiri, wanaongeza nyingine saa tatu baadaye, kisha wanasema aspirini haiwafai. Dozi ilikuwa ndogo na ilichelewa. Ukiongeza metoklopramidi kwa maagizo ya mhudumu, kichefuchefu hutulia pia. Aspirini si ya mwenye vidonda vya tumbo, wala mjamzito bila ushauri wa daktari, wala mtoto, wala mwenye pumu inayochokozwa nayo.

Sasa tuweke hesabu. Bei hubadilika kutoka duka hadi duka, kwa hiyo namba hizi ni za mfano tu. Weka zako mahali pake. Chukua mama anayeuza chakula, mwenye siku 5 za kipandauso kwa mwezi, na kila siku anayofunga kibanda anapoteza shilingi 700. Kwa mwezi amepoteza 3,500, kwa mwaka 42,000, na bado hajanunua tembe hata moja. Tuseme anatumia sumatriptani kwa kila shambulio, tembe 5 za shilingi 200. Hiyo ni 1,000 kwa mwezi, 12,000 kwa mwaka. Baadhi ya siku ataokoa nusu ya kazi, nyingine hataokoa.

Sasa tuseme badala yake anameza amitriptilini kila usiku, kwa shilingi 5 kila tembe. Mwezi ni 150, mwaka 1,800. Zahanati ikiwa nayo, ni bure. Kipimo ambacho madaktari hutumia kusema dawa ya kuzuia imefaulu ni siku za kipandauso kupungua kwa nusu. Ikifaulu kwake, siku 5 zinakuwa mbili na nusu, na hasara ya kibanda inashuka kutoka 42,000 hadi 21,000. Akiweka sumatriptani mbili za akiba kila mwezi, 4,800 kwa mwaka, jumla ya dawa zake zote ni 6,600. Amelipa karibu nusu ya pesa za mwanzo, na amerudishiwa siku thelathini za kazi.

Linganisha na bima ya mgonjwa wa nje ambayo, tuseme, ingemgharimu 30,000 kwa mwaka. Kwa kipandauso peke yake haina faida, kwani inalipia kitu cha 6,600, tena baada ya kusubiri mwaka. Kama ana watoto wanne wanaougua kila mara, hesabu inabadilika, na hapo anunue kwa sababu ya watoto.

Dawa ya kuzuia ina masharti yake. Si ya kila mtu. Kwa kawaida hufikiriwa siku zinapofika 4 au zaidi kwa mwezi, au shambulio moja linapomwangusha mtu kabisa. Huanza kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole, na huchukua wiki 6 hadi 8 kabla ya kuonekana kama inafaa. Wengi huacha wiki ya pili na kusema imeshindwa. Propranololi haifai mwenye pumu. Amitriptilini huleta usingizi, na dereva wa lori anayeendesha usiku asiianze safarini. Hata wa mchana aianze siku za mapumziko, aone asubuhi inamwacha vipi. Mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe valproati, ambayo baadhi ya vituo huwa nayo kwa ajili ya kifafa, kwani humdhuru mtoto tumboni. Na hakuna dawa yoyote kati ya hizi inayopaswa kuchaguliwa kaunta na mteja peke yake.

Zipo siku ambazo hesabu hizi zote huwekwa kando. Kichwa kinachopasuka ghafla kwa kiwango ambacho hujawahi kukiona, kichwa chenye homa na shingo ngumu, kichwa pamoja na udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito, kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50, au kwa mjamzito mwenye presha: hapo nenda hospitali ukiwa na kadi au bila.

Kwa wakazi wa upande wa Kitui, kutoka Ikutha na vijiji vya huko, barabara ya lami kutoka Kibwezi hadi Mutomo na Kitui imefupisha safari, na hospitali ya misheni ya Mutomo iko njiani. Hospitali za misheni hutoza, lakini waulize bei ya dawa kwa jina kabla ya kuamua kuvuka kuja kwenye maduka ya huku.

Mwenye bima akikataliwa dai aombe sababu kwa maandishi. Neno la mdomo la mhudumu wa dirishani halimfungi mtu. Kwa sababu iliyoandikwa unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, bila wakili. Kwa SHA, sheria yenyewe iliunda baraza la kusuluhisha migogoro.

Daktari bingwa wa neva nimemwacha mwisho kwa makusudi. Wengi wao wako Nairobi, na kumwona kwa malipo ya binafsi ni maelfu ya shilingi kabla ya nauli, malazi na picha ya kichwa ambayo mara nyingi haihitajiki kwa kipandauso cha kawaida. Familia huuza mbuzi kwa safari hiyo, kisha mgonjwa hurudi na karatasi iliyoandikwa amitriptilini. Andika kwanza kwenye daftari tarehe za mashambulio na kila tembe uliyomeza, hata ya kioski. Jaribu dawa moja ya kuzuia kwa miezi mitatu kwa dozi kamili, kisha nyingine. Siku zisipopungua baada ya hizo mbili, panda treni ya kwenda Nairobi inayosimama hapa, na daftari lako mkononi. Kwa daktari huyo litakuwa na faida kuliko picha ya kichwa, na nauli itakuwa imelipia kitu ambacho hukuweza kukipata nyumbani.